Giaboksi ya Oto Imekwama Gia Moja: Usafishe Plagi, Ubadilishe Valvu Bodi, Uifungue Yote, au Ununue Nyingine?

Gari langu lilipoingia katika hali ambayo mafundi wetu wa Malindi huiita limpu, nilikuwa nikitoka Mambrui na nilikuwa nimekwisha kulivuka daraja la Sabaki. Taa ya O/D OFF ilianza kumeta, gia zikakataa kubadilika, na kila niliposimama na kuondoka tena gari liliondoka kwa uzito, mfano wa punda aliyepakiwa mawe kupita kiasi chake. Kabla ya magharibi nilikuwa nimepewa mashauri manne. Wa kwanza alisema nifute hitilafu kwa skana niendelee na safari zangu. Wa pili alitaka oili mpya na solenoidi, zile valvu ndogo za umeme zilizo ndani ya giaboksi. Wa tatu alitaka kuishusha giaboksi na kuifungua yote. Wa nne alikuwa tayari ana giaboksi ya eksi-Japani, yaani iliyokwisha kutumika Japani, na alichongoja ni fedha tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo sasa naamini ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote: ukiifuta limpu, hurudi lini?

Mashauri hayo manne yote ni ya kweli, kila moja kwa gari lake. Tofauti ya gharama baina ya la kwanza na la mwisho ni kubwa mno, na mwenye gari asiyejua kuyapambanua hulipa la mwisho kwa ugonjwa wa la kwanza. Kwa hiyo nimeyaweka hapa ubavu kwa ubavu, kwa kadiri ya nilivyojifunza kwenye gari langu na magari ya jamaa na majirani.

Gari linajikinga na nini

Kompyuta ya giaboksi hubadilisha gia kwa kupeleka umeme kwenye solenoidi. Solenoidi hufungua na kufunga njia za oili ndani ya valvu bodi, kile kipande cha chuma chenye vijia vya oili. Na oili hiyo yenye presha ndiyo inayozibana plati za klachi. Kompyuta ikipata taarifa isiyoiamini, iwe ni waya uliokatika au spidi ya shafti isiyolingana na gia iliyoamriwa, aghalabu hukata umeme wa solenoidi zote. Giaboksi nyingi zimeundwa ili zikikosa umeme huo zibakiwe na gia moja ya mbele mkono ukiwa D, ya pili au ya tatu au hata ya nne kulingana na muundo, pamoja na rivasi. Presha ya oili nayo hupanda hadi kiwango chake cha juu, ili plati zisiteleze. Hiyo ndiyo sababu ya kile kishindo ukitoa N kuingiza D, kishindo ambacho watu wengi hukichukua kuwa ni ushahidi kwamba giaboksi imekufa, ilhali ni ulinzi unaofanya kazi yake.

Kila kampuni ina namna yake ya kutangaza jambo hili. Katika Toyota nyingi za zamani humeta taa ya O/D OFF, katika Honda humeta herufi D au D4, katika Mazda taa ya HOLD, na katika Subaru taa ya joto la oili ya giaboksi humeta mara tu unapowasha gari. Mercedes-Benz zenye giaboksi ya 722.6 ya gia tano hazina ishara kama hiyo: hushikilia gia iliyokuwepo, na ukizima na kuwasha tena hubaki na gia ya pili.

Swali la lini

Mwambie fundi aisome misimbo ya hitilafu iliyomo kwenye kompyuta na kuiandika kabla ya kufuta chochote, kwa maana msimbo uliofutwa bila kuandikwa ni shahidi aliyefukuzwa mahakamani kabla ya kusema. Msimbo P0700 peke yake haukuambii kitu. Ni kompyuta ya giaboksi inayoiarifu ile ya injini kwamba yenyewe ina jambo, na skana za bei nafuu huishia hapo hapo. Inatakiwa skana inayoweza kuingia ndani ya kompyuta ya giaboksi yenyewe, na ukimkuta fundi anayekuuzia giaboksi kwa kuisoma P0700 tu, chukua ufunguo wako uondoke.

Misimbo ikishaandikwa, ifute, zima gari, kisha washa swichi bila kuiwasha injini. Ikiwa hitilafu imerudi papo hapo, au mara tu injini inapowaka na gari halijasogea hata hatua moja, basi ugonjwa uko kwenye umeme: waya, plagi, solenoidi iliyokatika ndani, swichi ya gia au kompyuta. Plati za klachi haziwezi kuteleza gari likiwa limesimama na giaboksi iko P. Misimbo inayokuja kwa namna hii huwa ni kama P0705 ya swichi ya gia, P0710 ya sensa ya joto la oili, au P0750 na P0755 za solenoidi za kubadilishia gia.

Ikiwa limpu imerudi baada ya gari kupata moto, tuseme unatoka mjini ukiwa salama na linakukamata unapokaribia Gede, shaka huhamia kwenye solenoidi inayokatika kwa joto, au sili zilizokauka zikawa zinapitisha presha wakati oili imekuwa nyepesi. Hapa ndipo valvu bodi inapoingia katika mazungumzo. Na ikiwa inarudi kila mara kwenye gia ile ile, huku ukisikia injini ikipiga kelele kwanza bila gari kuongeza mwendo, na msimbo ni P0730 au jamaa zake wa uwiano wa gia, huo ndio mtelezo wa kweli, na hapo mazungumzo ya kufungua au kununua huanza kuwa halali.

Yupo fundi mmoja mtu mzima, upande wa Barani, aliyenifundisha kipimo cha pili ambacho vitabu vya Toyota pia vinacho. Huchomoa plagi ya solenoidi, kisha huendesha gari kwa kubadilisha mkono wa gia mwenyewe, kutoka L hadi 2 hadi D, akilinganisha gia anazozipata na jedwali la giaboksi hiyo. “Mwanangu,” aliniambia, “ukiinyima umeme ikakupa gia zake zote ilizoandikiwa, basi chuma ni kizima, mgonjwa yuko nje ya chuma.” Katika giaboksi ya A340 ya Toyota, kwa mfano, bila umeme D hutoa gia ya nne, 2 hutoa ya tatu na L hutoa ya kwanza. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ndicho kilichoniokoa mimi.

Plagi na waya dhidi ya valvu bodi

Kwa mji kama wetu ningeanza na umeme hata kama msimbo ungekuwa na utata. Gari linalolala karibu na ufuo hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, na wakati wa masika hupita kwenye madimbwi yanayofika usawa wa chini ya giaboksi. Pini za plagi huota ule ukungu wa kijani, waya huliwa ndani ya ganda lake ukiutazama nje ni mzima, na msumari wa waya wa ardhi hushika kutu chini ya betri. Kompyuta ya giaboksi haivumilii haya jinsi taa au redio zinavyovumilia.

Fundi wa umeme mwenye mita anaweza kumaliza kazi hii asubuhi moja. Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6, na injini ikiwaka chaji iwe baina ya 13.5 na 14.5, betri dhaifu huweza kuleta limpu yenyewe bila kitu kingine chochote kuharibika. Solenoidi za kubadilishia gia za Toyota nyingi husoma baina ya omu 11 na 15, na ile ya kudhibiti presha husoma karibu na omu 5. Zipimwe zikiwa baridi na zipimwe tena zikiwa moto, kwa sababu solenoidi iliyofaulu asubuhi huweza kukatika ndani inapofika joto la kazi. Kisha plagi itikiswe taratibu huku mita ikiwa imeunganishwa. Pini husafishwa kwa dawa ya kusafishia pini za umeme, ile iitwayo contact cleaner. Petroli na msasa havifai, kwani msasa huondoa ule mpako unaozuia kutu na plagi hurudi kuoza haraka zaidi.

Katika gari langu kulikuwa na pini mbili za kijani kwenye plagi iliyo ubavuni mwa giaboksi. Aliyetaka kunifungulia giaboksi yote alikuwa ameiegemea plagi hiyo kwa kiwiko wakati akinipa bei.

Valvu bodi ni daraja la juu yake. Faida yake ni kwamba katika magari mengi huweza kutolewa kwa kushusha sampu tu, ile sahani ya oili iliyo chini, bila kuiteremsha giaboksi, na solenoidi moja moja zikabadilishwa pale zinapouzwa hivyo. Hasara yake ni kwamba ina vijia vyembamba na vipira vidogo vya chuma ambavyo kila kimoja kina shimo lake, na upepo wa kusi ukivuma katika gereji ya makuti huku valvu bodi imelazwa wazi juu ya meza, punje za mchanga zinazoingia humo zitaleta maradhi ambayo hayakuwepo. Ikiwa fundi hana chumba cha kufungia kazi hii, bora umwombe abadilishe valvu bodi nzima iliyofungwa kuliko aisafishe. Mercedes za 722.6 zina jambo lao: bamba la umeme lililo juu ya valvu bodi, lenye sensa za spidi, ndilo huharibika mara nyingi, na plagi yake huvujisha oili inayopanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta. Kwa gari hilo, kununua giaboksi kabla ya kubadilisha bamba na plagi ni kosa lisilosameheka.

Oili husema nini kabla hujachagua

Shusha sampu kabla ya kukubali kazi yoyote inayozidi umeme. Sumaku zilizo chini zikiwa na uji laini wa kijivu, hilo ni la kawaida kwa giaboksi yenye umri. Ukikuta vipande vinavyometa vya chuma au vya shaba, au punje nyeusi nyingi za ganda la plati (ule mpako unaoshika plati zinapobanwa) na oili inayonuka kama kitu kilichoungua, hakuna solenoidi itakayokusaidia, na fedha za valvu bodi ziweke kwa ajili ya kazi kubwa.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu naliona sana hapa kwetu. Watu hujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi kwa kuwa ndiyo yaliyopo. Katika magari mengi ya oto, kipoza oili ya giaboksi kimo ndani ya tangi la rejeta hiyo hiyo, na chumvi hukila hadi maji na oili vikutane. Oili ikitoka na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji yameingia, na maji huibandua gundi inayoshika ganda la plati. Katika hali hii, kununua giaboksi nyingine bila kubadilisha rejeta ni kuipeleka ile mpya kwenye ugonjwa ule ule.

Kuhusu ule mjadala wa kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani: giaboksi isiyoteleza hufaidika na oili mpya ya aina yake hasa, T-IV au WS kwa Toyota, DW-1 kwa Honda, iliyobadilishwa kwa kumwaga, kujaza na kurudia, kwa sababu kumwaga mara moja hutoa kama theluthi hadi nusu tu ya oili yote. Ile inayoteleza tayari haitaponywa na oili. Simkubalii fundi anayetaka kuisukuma oili kwa mashine ya presha katika giaboksi chafu, kwani uchafu uliotulia huinuka na kwenda kukaa kwenye valvu bodi.

Kufungua yote dhidi ya eksi-Japani

Hapa ndipo uamuzi ulipo mgumu, na hapa ndipo watu wa Malindi wengi huegemea upande mmoja bila kuutazama wa pili. Giaboksi ya eksi-Japani hupatikana Mombasa kwa siku chache, hufungwa kwa siku moja au mbili, na gari hurudi barabarani. Lakini hujui iliendeshwaje, na haijulikani ilikaa wazi kwenye jua kwa muda gani mashimo yake yakiwa hayana vifuniko. Kufungua ile uliyo nayo, kwa upande mwingine, kunakupa plati mpya, sili mpya na bushi ulizoziona kwa macho. Ila hilo huwa kweli pale tu fundi anapokuwa na kiti kamili (seti nzima ya vipuri) ya giaboksi hiyo na vyombo vya kupimia nafasi za plati. Fundi anayebadilisha zile plati zilizoungua tu na kuyaacha mengine amekupa giaboksi ya zamani iliyopakwa oili mpya.

Kwa maoni yangu mizani hukaa hivi. Kwa magari ya kawaida yenye giaboksi za gia nne, kama Corolla, Probox za kwanza na Wingroad za zamani, ambazo giaboksi zake zimejaa sokoni, eksi-Japani iliyokaguliwa ni chaguo bora kuliko kufungua, isipokuwa kama una fundi wa giaboksi hasa unayemjua kwa kazi zake. Kwa magari ambayo giaboksi yake ni adimu, au gari kubwa la kazi linalopanda kuelekea Kakoneni na Lango Baya likiwa na mzigo, kufungua kwa uangalifu kunastahili gharama yake, kwa sababu giaboksi adimu ya sokoni mara nyingi ni adimu kwa kuwa zote zinaharibika.

Ukichagua kununua, yako mambo ambayo muuzaji hatakukumbusha. Msimbo wa giaboksi ulioandikwa kwenye bamba la gari ulingane na wa ile unayonunua. Umbo kufanana hakutoshi, kwa kuwa uwiano wa gia na plagi hutofautiana. Mwaga oili yake kidogo kwenye kitambaa cheupe dukani hapo hapo, uitazame na kuinusa. Mirija na kipoza oili visafishwe au vibadilishwe, la sivyo takataka za giaboksi iliyokufa zitaingia katika iliyo hai. Toki konveta, lile tungi la oili linalounganisha injini na giaboksi, isukumwe huku ikizungushwa hadi iingie hatua zake zote kabla giaboksi haijakutanishwa na injini. Fundi akilazimisha kwa kukaza bolti, pampu ya oili huvunjika kabla gari halijawaka. Na ukichagua kufungua, toki konveta ya zamani isirudishwe kama ilivyo, kwa maana uchafu wa plati hujaa ndani yake na hauoshiki kwa kumimina oili tu.

Ikiwa ni CVT

Fielder, Axio, Probox za kuanzia 2014 na Nissan nyingi za sasa zina CVT, yaani giaboksi inayotumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia, na mizani yote ya juu hubadilika. Hakuna gia ya tatu ya kukwamia. Kompyuta hushikilia uwiano mmoja na kuzuia injini isivute. Mkanda wa chuma ukishaikwaruza puli, kufungua si chaguo tena kwa mafundi wengi wa pwani, na ningesema wazi kwamba afadhali ununue. Lakini kabla ya hapo hakikisha oili iliyomo ni ya CVT ya aina yake, kwani oili ya kawaida ya giaboksi huiua CVT kwa muda mfupi. Nissan nyingi za aina hii zina data ya valvu bodi ambayo lazima iandikwe upya kwenye kompyuta baada ya kubadilisha. Muulize fundi kama mashine yake inaweza kufanya hivyo kabla hujalipa.

Hapa au Mombasa

Kazi ya umeme na ya oili ifanyike Malindi. Hakuna sababu ya kusafiri kilomita 120 ili pini isafishwe. Kazi ya kufungua giaboksi nzima, au ya CVT, ningeipeleka Mombasa, ambako wako mafundi wasiofanya kazi nyingine na maduka ya vipuri yako hatua chache kutoka kwao.

Usiliendeshe gari lililo katika limpu hadi huko. Barabarani penye mwendo wa wazi litakwenda, lakini kuanzia Mtwapa hadi Nyali utasimama na kuondoka mara nyingi, na kila kuondoka kwa gia ya juu huichemsha oili ndani ya toki konveta. Wala usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi huzunguka kavu. Lipande juu ya lori. Na giaboksi yako ya zamani irudi nawe Malindi juu ya lori hilo hilo, hata kama muuzaji atakupunguzia bei ukimwachia, kwa kuwa solenoidi na sensa zake ambazo bado ni nzima utazihitaji siku plagi za ile nyingine zitakapoanza kuota kijani.